Uzi: Malengo ya mazoezi ya nguvu kwa mrushaji chipukizi wa besiboli, tusianze na rada

KochaKilima (mleta uzi)

Wakuu, salamu.

Msimu ukiisha tu, vijana na wazazi wao huanza kuniuliza ni mazoezi gani yataongeza kasi ya mpira. Nikimgeuzia kijana swali, lengo lako hasa ni nini, ananitajia namba ya rada, kile kifaa cha kupima kasi ya mpira. Huyu 120 km/h, yule 130, mwingine 145 kwa sababu kaona video ya mtu wa rika lake. Kuiota namba hiyo si vibaya. Shida ni kuipangia mazoezi, maana kasi hutokana na mambo mengi yanayokutana kwa wakati mmoja: urefu wa mifupa, umri wa mwili, mbinu, usingizi, chakula, nguvu za miguu. Hakuna anayeamka Jumatatu akaenda kufanya zoezi la "130". Anaamka akafanya skwoti, kuchuchumaa na kuinuka na uzito.

Wengi mmeliona jedwali la Shohei Ohtani, nyota wa besiboli kutoka Japani. Alipokuwa mwaka wa kwanza sekondari ya juu, shule ya Hanamaki Higashi huko Japani, alijaza karatasi yenye vyumba 81, tisa kwa tisa. Katikati aliandika lengo kuu: kuwa chaguo la kwanza la timu nane za ligi ya kulipwa. Akalizungushia malengo manane, na kila moja akalipa hatua nane. Mna kasi ya 160 km/h, mna udhibiti wa mpira, mna kujenga mwili, mna hata bahati, na chini ya bahati akaandika kuokota takataka na kusalimia watu.

Watu hushangilia ile 160 wakapita. Mimi huwa nakaa kwenye kona ya kujenga mwili: skwoti ya mbele (chuma kikiwa mbele ya mabega) kilo 90, skwoti ya nyuma (chuma kikiwa nyuma ya mabega) kilo 130, unyumbufu, kuutunza mwili, na wali bakuli saba jioni na tatu asubuhi. Hata kula kulipewa namba!

Sasa oneni ilivyokwenda. Mwaka 2012, akiwa mwaka wa mwisho shuleni, alirusha 160 kweli. Lile la timu nane halikutimia. Alishatangaza kwamba anataka kwenda Marekani, na ni timu moja tu, Hokkaido Nippon-Ham Fighters, iliyothubutu kumchagua. Kwa hiyo lengo lililowekwa katikati ya karatasi ndilo lililokuwa nje ya uwezo wake, na yale madogo ya pembeni, skwoti na bakuli za wali, aliyashika mwenyewe kila siku.

Msizinakili kilo zake lakini. Yule ni mtu wa sentimita 193. Nakilini mpangilio.

Kwa vijana wangu huwa nafanya hivi. Namba ya rada tunaiandika juu kabisa kwa penseli, halafu hatuigusi mpaka mwisho wa kipindi. Chini yake tunaandika vitu vinavyopimika mwilini: kuruka mbele kwa miguu miwili bila kukimbia, kuvuta mwili kwenye chuma, skwoti ya marudio matano safi, kusimama mguu mmoja goti lisiangukie ndani. Chini kabisa ndiyo kazi ya wiki: vipindi vingapi vya jimu, saa ngapi za kulala, milo mingapi. Kijana namuuliza habari za mstari wa chini tu. Ukiwa sawa miezi mitatu, wa katikati hupanda wenyewe, na mara nyingi rada nayo hufuata.

Karibuni tujadili. Wenye vijana wa umri tofauti semeni umri, maana mtoto wa miaka 11 na kijana wa 17 hawapewi karatasi moja.

---

Namba17

Kocha shikamoo. Mimi ni mrushaji wa mkono wa kulia, miaka 16, urefu 1.78, kilo 64. Narusha 118 na nataka 135 kabla msimu haujaanza. Jimu naenda siku tano, kifua na mikono. Nikiongeza siku ya sita itasaidia?

---

KochaKilima

Marahaba kijana. Siku tano za kifua na mikono, na miguu inafanyiwa kazi lini?

Ufuatilie mrusho wako polepole. Unanyanyua goti, unajisukuma kwa mguu wa nyuma, unapiga hatua ndefu kuteremka kilima (kile kichuguu anachosimama mrushaji), mguu wa mbele unatua. Ukishatua, mguu huo unatakiwa ukaze na kuuzuia mwili usiendelee kwenda mbele. Hapo ndipo mwendo unapanda: nyonga zinazunguka, kiwiliwili kinafuata, bega, kiwiko, kiganja, vidole. Tangu mguu kutua hadi mpira kuachiwa ni kama sekunde 0.15 hivi, na kwa warushaji wakubwa bega huzunguka kwa zaidi ya digrii 7,000 kwa sekunde. Msuli wa mkono peke yake hauwezi kuzalisha hayo, unapokea kilichotoka chini.

Na mpira ukishatoka kazi haijaisha. Mkono ule uliorushwa kwa nguvu yote hiyo lazima usimamishwe, na wanaousimamisha ni misuli midogo ya nyuma ya bega pamoja na ile inayoshika kombe la bega mgongoni. Injini yako iko miguuni, breki ziko mgongoni. Siku zako tano hazigusi hata kimoja.

Halafu kilo 64 kwa urefu huo ni wepesi. Sitaki unenepe ovyo. Kilo tatu au nne za chakula cha kweli ndani ya miezi mitatu, ukiwa unabeba chuma, zitakufaa kuliko hiyo siku ya sita.

Namba za skwoti sikupi leo, sijui unaanzia wapi. Kapime kwanza: uzito gani unaweza kushuka nao chini vizuri mara nane, ukahisi bado una marudio mawili ya akiba? Huo ndio mwanzo wako. Ukiumudu kwa mbinu safi vipindi viwili mfululizo, ongeza asilimia 5 hadi 10, zaidi ya hapo usiongeze. Na jimu iwe mara tatu kwa wiki, siku zisizofuatana.

---

ChumaKwanza

Kocha, nakuheshimu ila hapa unawatisha watoto na kifua. Kifua kina kosa gani? Wachezaji wa kulipwa nao wanalala kwenye benchi na kusukuma chuma. Na bila kumpima mtu uzito wa juu kabisa anaoweza kuinua mara moja, utajuaje kama ana nguvu? Marudio nane ni ya mazoezi ya asubuhi.

---

KochaKilima

Kifua hakina kosa, mkuu. Kosa ni kukifanya wiki nzima. Ukilala kwenye benchi makombe ya bega yanabanwa chini hayatembei, wakati mrushaji anataka yatembee. Ndiyo maana kwa kijana napenda pushapu: zoezi lile lile la kusukuma, kombe la bega likiwa huru. Na kila akisukuma mara moja, avute mara mbili. Hiyo ndiyo sheria yangu pekee ya juu ya mwili, nyingine zote nazijadili.

Suala la uzito wa juu kabisa namwachia fizio, mtaalamu wetu wa tiba ya viungo, najua yupo anasoma kimya kimya.

---

FizioWaBega

Nipo mkuu, nimeitwa kwa jina.

Kumpima kijana uzito wa juu kabisa mara moja si hatari yenyewe, iwapo ameshafundishwa mbinu na yuko mtu anayejua kusimamia. Swali langu ni, unaupima ili iweje? Kijana anayekua, namba hiyo inabadilika kila baada ya wiki chache. Kipimo cha marudio matano au manane kinakupa habari ile ile, na kinakuonyesha kitu ambacho rudio moja halikuonyeshi: mbinu inaharibika kwenye rudio la ngapi. Kwangu mimi hapo pana thamani kuliko kilo zenyewe.

Nyongeza kwa Namba17. Mwombe mtaalamu akupime mzunguko wa mabega yote mawili. Bega la kurushia huzunguka nje zaidi na ndani kidogo kuliko lile jingine, hilo ni kawaida kwa warushaji. Tunachoangalia ni jumla ya mizunguko yote miwili. Ikiwa jumla ya bega la kurushia imepungua zaidi ya digrii 5 ukilinganisha na jingine, shughulikia hilo kabla ya kutafuta kasi. Kwenye karatasi yako liandike kama lengo kamili. Wengi huandika kilo tu, wakasahau kwamba bega lililokaza huwa linaomba kiwiko kilipe deni lake.

---

MamaLefti

Samahani wakuu, mimi ni mgeni kwenye uzi huu. Binti yangu ana miaka 11, anatumia mkono wa kushoto, anarusha na anapenda kweli. Kocha wao anataka waanze mazoezi ya uzito, na nyumbani kila mtu ananiambia uzito unadumaza mtoto, hatakua. Nifanyeje? Na lengo lake liwe nini kwa umri huo?

---

FizioWaBega

Karibu sana mama, swali lako ndilo lenye faida kuliko yote humu.

Hofu ya kudumaa ni ya miaka mingi, na inatokana na jambo la kweli lililoeleweka vibaya. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini za gegedu karibu na ncha zake, ambako urefu huongezeka. Sehemu hizo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Kutoka hapo watu wakahitimisha kwamba uzito utaziua. Lakini mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayajaonyeshwa kupunguza urefu wa mtoto, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kinayahesabu kuwa salama na yenye manufaa. Ajali za watoto kwenye vyuma nyingi ni za kudondoshewa uzito vidoleni au kucheza na mashine bila mtu mzima. Tena akikimbia na kuruka tu, miguu yake hubeba mzigo mkubwa kuliko dambeli ndogo atakayopewa.

Kinachoziumiza kweli zile sehemu laini kwa mrushaji ni kurusha kupita kiasi. Upande wa ndani wa kiwiko, na juu ya mfupa wa mkono pale begani, ndipo madaktari wanapokuta gegedu limevimba au limeanza kuachana na mfupa. Mtoto analalamika maumivu, anaambiwa ni uchovu, anapewa mpira tena.

Kwa hiyo karatasi ya binti yako, mstari wa kwanza, uwe na hesabu ya mirusho. Mwongozo wa Pitch Smart, ulioandaliwa na ligi kuu ya Marekani pamoja na USA Baseball, unaweka kikomo cha mirusho 85 kwa siku kwa miaka 11 na 12. Akirusha 66 au zaidi anapumzika siku nne, 51 hadi 65 siku tatu, 36 hadi 50 siku mbili, 21 hadi 35 siku moja. Na kila mwaka angalau miezi minne asirushe kabisa, miwili au mitatu kati ya hiyo ikiwa mfululizo.

Mazoezi ya nguvu yenyewe, kwa umri wake, ni mafunzo ya mwendo. Mtoto ambaye hajabalehe hupata nguvu, tena nyingi, ila zaidi kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli. Misuli yenyewe hainenepi sana. Lengo lake basi lisiwe kilo. Ajue kuchuchumaa mpaka chini mgongo ukiwa umenyooka na visigino vimegusa ardhi. Pushapu kumi ambazo kiuno hakizami. Kuning'inia kwenye chuma nusu dakika. Kuruka na kutua kwa mguu mmoja, akatulia, goti lisiyumbe. Mara mbili kwa wiki, seti moja hadi tatu, marudio kati ya 6 na 15, basi.

Jambo moja la ziada kwa wasichana: kipindi cha kurefuka haraka huwafikia mapema, wengi wao karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14. Kipindi hicho kikifika utamwona anajikwaa, udhibiti wa mpira unapotea, mbinu inavurugika kwa sababu mikono na miguu imekuwa mirefu kuliko alivyoizoea. Usimwongezee malengo wakati huo. Mpime urefu mara kwa mara, ukiona anaruka juu, shusha hesabu ya mirusho na urudi kwenye mwendo wa msingi.

---

MamaLefti

Ahsante sana. Kuning'inia nusu dakika ataipenda, anapanda kila kitu nyumbani. Kumbe alikuwa mazoezini muda wote 😂

Hiyo ya siku nne za mapumziko kocha wao haijui, au anaijua na hasemi. Nitamwonyesha.

---

MdakajiMstaafu

Nimedaka mipira ya warushaji wengi, wacha niseme kitu kutoka nyuma ya bamba la nyumbani, pale anaposimama mpigaji.

Mdakaji anajua mrushaji amechoka kabla rada haijajua. Mpira unaanza kupanda juu ya shabaha, kiwiko kinashuka, anachukua muda mrefu kati ya mrusho na mrusho, anatembea kuzunguka kilima. Watafiti wa Marekani waliolinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji wa mkono na wenzao wazima walikuta kwamba waliokuwa wakirusha mara kwa mara mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa kundi la upasuaji. Mara thelathini na sita! Na utafiti mwingine uliowafuatilia warushaji wa miaka 9 hadi 14 kwa miaka kumi ulikuta waliopita inningi (vipindi vya mechi) 100 kwa mwaka walikuwa na hatari ya kuumia vibaya mara 3.5 kuliko wenzao.

Sasa mnasemaje kuhusu Roki Sasaki, mrushaji wa Japani? Mwaka 2019 huyu kijana alikuwa sekondari ya juu Ofunato, ameshapimwa 163 km/h. Kwenye mashindano ya mkoa wa Iwate alirusha mirusho 194 katika mechi moja, na siku moja kabla ya fainali akarusha 129. Siku ya fainali, mechi moja tu imebaki waende Koshien, mashindano ya taifa ya sekondari za juu, ambako kila kijana wa Japani anaota kufika, kocha wake hakumchezesha kabisa. Wakafungwa 12 kwa 2, na Hanamaki Higashi, shule ile ile ya Ohtani. Shule ya Sasaki ilipigiwa simu nyingi za lawama.

---

ChumaKwanza

Hapo mimi nipo upande wa waliopiga simu. Wenzake wamefanya kazi miaka mitatu, halafu ndoto inazimwa na mtu mmoja kwa hofu ya jambo ambalo halijatokea. Angempa hata inningi mbili.

---

MdakajiMstaafu

Inningi mbili za fainali ya namna ile huwa hazibaki mbili, unajua mwenyewe. Tarehe 10 Aprili 2022, akiwa na miaka 20, Sasaki alirusha mechi kamilifu kwenye ligi ya kulipwa, bila hata mpigaji mmoja kufika kituo cha kwanza, na mara 19 akawatoa wapigaji kwa straiki, yaani walishindwa kuupiga mpira. Sisemi kule kukalishwa benchi 2019 ndiko kulikoleta hili. Nasema mkono ulikuwepo.

Na Japani yenyewe baadaye iliweka kikomo cha mirusho 500 kwa wiki kwa mashindano ya sekondari ya juu. Kwa maoni yangu 500 bado ni mingi mno, lakini awali hapakuwa na kikomo chochote.

---

KochaKilima

Mimi niko na yule kocha, ila nimwelewe ChumaKwanza pia, maana ameshika jambo ambalo wapanga malengo hulikwepa. Ukiandika "kufika Koshien" bila neno lingine, lengo hilo linamlazimisha kijana kurusha hata mkono ukiwa umeisha. Halina pa kusimamia.

Ndiyo maana kwenye karatasi zangu kila lengo lina sharti la kusimama, limeandikwa pembeni yake kabla kazi haijaanza. Skwoti: mgongo ukianza kupinda, seti imekwisha hata kama ni rudio la tatu. Kuvuta chuma: bega likiuma mbele, unashuka. Kurusha: kiwiko kikiuma upande wa ndani, huvumilii "tuone kesho", unasema leo, na hakuna atakayekuita mwoga. Kijana akiyaandika masharti hayo akiwa ametulia, atayakubali akiwa na jazba. Ukimwambia kwa mara ya kwanza katikati ya mechi, hakusikii. Mimi nisingesikia.

Hata rada nailinda kwa sharti. Kasi yake ya kawaida ikishuka ghafla vipindi viwili mfululizo, hatuongezi mazoezi, tunapunguza.

---

Msomaji_Kimya

Naomba kuuliza wakuu. Nimesikia wapo vijana wanaotamani operesheni ya kiwiko wakidhani watarudi na kasi zaidi. Kuna ukweli?

---

FizioWaBega

Hakuna, na inasikitisha kwamba wapo wazazi wanaouliza swali hilo kwa daktari kabla mtoto hajaumia.

Operesheni hiyo inaitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers ambaye daktari Frank Jobe alimfanyia mwaka 1974. Alichukua kano kutoka mkono mwingine akaitumia badala ya ligamenti (utepe unaounganisha mifupa) ya ndani ya kiwiko iliyokatika. Tommy John alirudi uwanjani mwaka 1976 na kucheza mpaka 1989, na hapo ndipo hekaya ilipozaliwa. Ligamenti mpya haina kasi ndani yake. Anayerudi na kasi zaidi huwa amekaa mwaka mzima au zaidi akifanya miguu, nyonga, mgongo na bega chini ya uangalizi, kazi ambayo angeweza kuifanya bila kupasuliwa. Na wapo wasiorudi. Ohtani mwenyewe, pamoja na jedwali lake na nidhamu yake yote, amefanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2018 na tena 2023. Nguvu inapunguza hatari, haiifuti, hasa kasi inapokuwa kubwa kiasi kile.

---

KatibuWaTimu

Swali fupi. Msimu ukishaanza, jimu iachwe?

---

KochaKilima

Hapana. Ukiacha jimu mwezi wa kwanza wa msimu, mwezi wa mwisho utarusha na miguu ya mtu ambaye hajawahi kwenda. Ila lengo linabadilika kutoka kuongeza hadi kutunza. Mara mbili kwa wiki, nusu saa hadi dakika arobaini, uzito ubaki juu na seti zipungue. Kwangu siku nzuri ya miguu ni kesho yake baada ya kurusha, halafu anakuwa na siku za kutosha kupoa kabla ya mechi nyingine. Siku moja kabla ya kurusha, mnyooshe viungo tu.

---

Namba17

Kocha nimerudi. Nimeandika upya, naomba uikosoe hadharani wengine wajifunze:

Juu kwa penseli: 135 km/h.

1. Kilo 64 hadi 68 ndani ya wiki 12.
2. Skwoti ya mbele: leo kilo 40 mara nane safi, nataka 60 mara tano. Sharti: mgongo ukipinda nasimama.
3. Kuvuta mwili kwenye chuma: leo mara 4, nataka 9.
4. Skwoti ya mguu mmoja kushukia kwenye kiti, mara 8 kila mguu. Leo wa kulia 6, wa kushoto 3.
5. Kuruka mbele: leo mita 2.05, nataka 2.30.
6. Kurusha mipira mizito kila siku kuongeza kasi.
7. Jimu mara tatu, sio tano.

---

KochaKilima

Kijana umenifurahisha. Namba 4 ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu umejikuta na siri: unarusha kwa mkono wa kulia, mguu wako wa kutua ni wa kushoto, na ndio dhaifu. Pengine sehemu ya kasi yako imekwama hapo hapo. Ipandishe iwe ya kwanza kwenye orodha, na mguu wa kushoto uanze kila kipindi ukiwa bado hujachoka.

Namba 2 imekaa vizuri. Namba 3, kutoka 4 hadi 9 huku unaongeza kilo nne mwilini ni kazi kubwa, maana kila kilo unayoongeza utaivuta pia. Andika 7. Ukipata 9 tutafurahi wote.

Namba 1 haina kazi ya wiki chini yake. Utakula nini zaidi, saa ngapi? Ongeza mlo mmoja kamili kila siku na uuandike ulipo, la sivyo hizo kilo nne ni matumaini tu.

Namba 6 sitaki niiseme mimi peke yangu.

---

FizioWaBega

Nami naipinga kwa sasa. Mpira wa kawaida wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149. Upo utafiti wa mwaka 2018 uliowapa vijana wa miaka 13 hadi 18 mipira mizito na myepesi kwa wiki sita. Kasi iliongezeka kweli, kama asilimia 3, lakini karibu robo ya waliofanya programu hiyo waliumia, na kundi lililorusha mipira ya kawaida halikupata majeraha. Kwa mtu ambaye mguu wa kutua haujamudu skwoti nne, kwa nini aanzie kwenye kiwiko? Kuna njia ya bei nafuu kimwili: mpira mkubwa wa mazoezi wa kilo mbili, urushe ukutani kwa mikono miwili ukizungusha nyonga. Huo unafundisha kiwiliwili bila kukidai kiwiko.

---

ChumaKwanza

Hapa nakubaliana na fizio, andikeni tarehe 😂 Dogo, mimi nitakuongezea moja: piga video ya skwoti zako kwa ubavu, kila wiki, uzito ule ule. Kioo cha jimu kinadanganya.

---

Namba17

Sawa wakuu. 6 naifuta, naweka mpira wa kilo mbili, seti tatu za marudio manane kila upande, kwenye siku zile zile za jimu. Mlo wa ziada nitakula saa nne asubuhi. Video nitapiga.

Kocha, kipimo cha rada nifanye lini?

---

KochaKilima

Wiki ya 12, siku ambayo hujarusha kwa nguvu siku mbili zilizotangulia, baada ya kupasha mwili vizuri, mirusho kumi, tuchukue wastani wa mitano ya juu. Kabla ya hapo nikikuona mbele ya rada nakunyang'anya glavu. Wiki ya nne leta namba za mguu wa kushoto hapa hapa.